Gari Lililovuta Kulia

Adelfina Ndayisaba alikuwa hajafika hata mita mia mbili kutoka ghala la chama pale Nyamiaga alipojua kuna mtu amelichezea gari lake. Usukani, ambao kwa miaka sita ulikuwa ukilala sawa mbele yake kila anapokwenda moja kwa moja, asubuhi hiyo ulikuwa umeinamia kushoto. Aliurudisha katikati. Gari likaanza kuhamia kulia, taratibu, kama mtu anayesogea kwenye benchi bila kutaka kuonekana.

Nasema gari lake, ingawa si lake. Ni la chama chetu cha wafuga nyuki: Landikruza pikapu ya zamani, nyeupe, inayobeba ndoo za asali kutoka misitu ya Biharamulo na vijiji vya Ngara na kuzileta Nyamiaga tunakochuja. Lakini ukimwuliza mwanachama yeyote gari liko wapi, atakwambia Adelfina yuko wapi. Haya ninayoyaandika nilishuhudia baadhi, mengine alinisimulia mwenyewe, bila kujipendelea.

Alizaliwa Ntobeye. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne wakati wakimbizi walipofurika Benako, na baba yake alipata kibarua cha kushusha magunia kwenye kambi. Siku moja alipompelekea baba chakula aliona lori la maji likiingia, na aliyeshuka mlangoni kwa dereva alikuwa mwanamke. Mzungu, mwenye suruali na matope hadi magotini. Alilizunguka lori lake, akapiga teke tairi moja moja, kisha akaenda kunywa chai. Adelfina hakuwahi kusahau zile tairi zilivyopigwa teke. Miaka mingi baadaye, akiwa mpishi wa mapadri, alimsumbua dereva wa parokia mpaka akamfundisha. Alipopata leseni, baba yake alikataa kupanda gari analoendesha kwa miaka miwili.

Na si baba peke yake. Mwanamke akiendesha gari katika milima yetu, kila msumari utakaochomoka utasemwa ni yeye. Taa ikivunjwa na jiwe, ni yeye. Betri ikifa, ni yeye. Basi Adelfina akajifunza kuwahi. Kabla hajaulizwa, alikuwa tayari anajua nani alifanya nini. Alichora alama ya chaki kwenye nati za tairi ili aone kama zimeguswa. Alinusa kiti. Alitazama vumbi la dashibodi kuona vidole vimepita wapi. Tulimcheka, lakini hakuna aliyewahi kumshika kwa kosa.

Jumamosi iliyotangulia binti yake alikuwa anapokea kipaimara, hivyo gari likaendeshwa na Laurian, deiwaka wetu, yaani dereva anayeitwa siku ambazo mwenye gari hayupo. Laurian ni kijana wa miaka ishirini na tisa, mpole. Alitumwa Ntobeye kuchukua ndoo kumi na mbili za asali, akarudi nazo zote salama. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na njia ya kule ilikuwa imechimbika.

Jumatatu ile Adelfina alisimamisha gari kando ya barabara, akashuka. Alipima upepo wa tairi zote nne kwa kipimo chake kidogo. Ulikuwa sawa. Akaweka jeki, akabadilishana tairi mbili za mbele, ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia ikaenda kushoto, kwa sababu aliwahi kuambiwa kwamba kama tairi ndiyo mbovu, gari litaanza kuvuta upande mwingine. Alipoendesha tena, gari lilivuta kulekule kulia. Kwa hiyo si tairi.

Ndipo alipoinama kutazama chini ya gari. Chini kulikuwa kumeoshwa. Si bodi tu, chini kabisa: chesisi, springi, nyuma ya matairi. Na ndani ya bodi ya nyuma kulikuwa na harufu ya sabuni ya unga. Mtu aliyetoka Ntobeye wiki ya mvua amerudisha gari safi kuliko lilivyotoka dukani. Kwa nini?

Alimkuta Laurian ghalani akipanga ndoo.

"Laurian, Jumamosi uligonga nini?"

"Kugonga? Sijagonga kitu, dada."

"Gari linavuta kulia."

"Nilipolirudisha lilikuwa zima." Alisema hivyo akitazama ndoo.

"Mbona uliliosha mpaka chini?"

"Lilikuwa na matope."

"Matope ya Ntobeye nayajua tangu nizaliwe. Hujawahi kuyaosha. Juzi tu ndiyo umeyaona?"

Laurian alichukua ndoo iliyokuwa imeshapangwa akaipanga tena. Kwa Adelfina hilo lilikuwa jibu tosha.

Jioni hiyohiyo alikwenda kwa mwenyekiti wetu, mzee Thobias, na kesho yake tukaitwa kwenye kikao. Nilikuwepo. Adelfina alieleza kila kitu kwa utaratibu: usukani, upepo, kubadilisha tairi, kuoshwa. Mzee Thobias alimgeukia Laurian akamwuliza kama ana la kusema. Laurian alisema hakugonga. Aliulizwa kwa nini aliosha chini. Alinyamaza. Aliulizwa mara ya pili. Akasema, "Niliosha tu, mzee." Sote tulitazamana. Mtu asiye na kitu hujibu, ndivyo tulivyoona. Mwenyekiti akamnyang'anya ufunguo wa akiba, akamwambia asilishike gari tena mpaka ukweli ujulikane. Laurian aliuweka ufunguo mezani, akatoka bila kuaga. Adelfina aliniambia baadaye kwamba wakati ule alijisikia mwepesi. Kwa mara nyingine alikuwa amewahi.

Fundi mmoja wa Ngara mjini aliliangalia gari. Alitikisa tairi za mbele, akasema hazichezi. Alifungua nati za fito inayounganisha usukani na tairi za mbele, akaizungusha kidogo, usukani ukanyooka. Adelfina akafurahi. Siku mbili tu. Alhamisi usukani ukaanza kuinama tena, na Ijumaa ulikuwa umeinama kuliko mwanzo.

Sasa hakumwamini tena hata fundi. Alikumbuka kwamba fundi yule na Laurian husali jumuiya moja. Pengine walizungumza. Pengine fundi aliona kilichopinda akakifunika. Alianza kuegesha gari karibu na dirisha lake, na alipomwona mke wa Laurian, Joyness, sokoni akigeuza uso, alijiambia: naye anajua.

Jumatatu iliyofuata alikuwa na mzigo wa kupeleka Nyakanazi. Alipita barabara ya malori, ile inayotoka Rusumo. Karibu na Lusahunga lori la mafuta lilikuwa linakuja mbele yake, naye akaachia usukani mkono mmoja kupangusa jasho. Ilikuwa ni muda wa kupangusa tu. Gari likahamia kulia, likavuka mstari. Lori lilipiga honi ndefu, Adelfina akavuta usukani kwa mikono miwili, na upepo wa lori ukatikisa turubai la mzigo. Alisimama pembeni. Alikuwa akimtukana Laurian kwa Kihangaza, peke yake, kwa sauti.

Pale Nyakanazi, nyuma ya vibanda vya chakula ambako madereva wa malori hulala, kuna gereji ya mzee mmoja Msukuma anayeitwa Ndassa. Ameshughulika na malori miaka thelathini. Adelfina alikuwa amemsikia tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Gari lina nini?"

"Kuna kijana aliligonga mahali, halafu akaficha. Linavuta kulia. Nataka uniambie aligonga nini."

Ndassa alimtazama kidogo. "Mimi sijui habari za watu," alisema. "Gari limepita wapi?"

"Ntobeye. Na porini Biharamulo."

"Basi nipitishe kwenye lile dimbwi pale, polepole. Ukitoka, nyoosha mpaka kwenye ule mti, usikate kona."

Adelfina aliona ni mchezo, lakini alifanya. Aliingia dimbwini, akatoka na tairi zinazochuruzika, akaenda moja kwa moja juu ya udongo mkavu mwekundu. Alipogeuka nyuma alimkuta mzee amechuchumaa juu ya alama za maji.

"Njoo uone. Hii ni njia ya tairi la mbele. Hii ni ya nyuma. Gari likiwa zima, la nyuma hukanyaga palepale lilipokanyaga la mbele. Angalia lako."

Adelfina alitazama. Kulikuwa na mistari minne badala ya miwili. Tairi za nyuma zilikuwa zimepita kushoto kwa zile za mbele, njia nzima, kwa upana wa kiganja. Gari lake lilikuwa linatembea upande kama mbwa anayekimbia.

"Shida yako haiko mbele," Ndassa alisema. "Mmekuwa mnamtibu mgonjwa wa mguu kwa kumfunga kichwa."

Alitoa kamba. Alimwambia anyooshe tairi za mbele, kisha akapima kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, upande wa kulia, akafunga fundo. Akahamia kushoto na kamba ileile. Fundo halikufika. Vidole viwili vilipungua. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa limerudi nyuma, ekseli, chuma kinachobeba tairi mbili za nyuma, imekaa mshazari, na ndiyo iliyokuwa inasukuma gari zima kwenda kulia.

"Kwa hiyo aligonga kwa nyuma," Adelfina alisema haraka.

Ndassa aliingia chini ya gari kwa mgongo, akagonga hapa na pale kwa nyundo, kisha akaita spana. Adelfina alisikia nati ikilia kidogo tu halafu ikazunguka bila kulalamika.

"Mama, springi hii iliguswa lini?"

"Springi?"

"Kuna bamba moja jipya. Mengine yana kutu, hili bado lina rangi."

"Ah, hilo. Mwezi wa saba. Mzigo ulikuwa umezidi, fundi mmoja Biharamulo akaniongezea bamba moja kila upande."

"Nani alilipeleka?"

"Mimi."

"Alikwambia urudi akakaze?"

Adelfina alimwona fundi yule wa Biharamulo mbele ya macho yake, akifuta mikono kwa tambara, akimwambia dada, bamba jipya hujilaza, bolti zinazobana springi zitalegea, baada ya wiki moja mbili pita nizikaze. Naye alikuwa ameshawasha gari.

"Alisema," alijibu.

"Ulirudi?"

"Hapana."

Mzee alitoka chini akiwa na kipande cha chuma mkononi, kifupi kama kidole gumba. Ni bolti ya katikati, alieleza, ile inayopita kwenye mabamba yote ya springi na kuikalisha ekseli mahali pake. Ilikuwa imekatika. Bolti kubwa za pembeni zikilegea, uzito wote huiangukia hii ndogo.

Adelfina aliichukua. Bado alikuwa na neno. Aliniambia kwamba hata hapo alimshuku mzee: labda na huyu anamjua Laurian, labda anataka tu kumaliza kazi.

"Lakini imekatika Jumamosi ile," alisema. "Ijumaa gari lilikuwa zima. Mimi nililiendesha. Kwa hiyo aliigonga, ikakatika."

"Igeuze. Tazama pale ilipokatikia."

Aliigeuza kwenye jua. Sehemu iliyokatika ilikuwa na rangi mbili. Nusu ilikuwa nyeusi kwa kutu ya zamani. Nusu iling'aa.

"Hiyo yenye kutu ilipasuka zamani," Ndassa alisema. "Miezi miwili, labda mitatu. Ikabaki inashikilia kwa nusu. Hiyo inayong'aa ndiyo ya juzi. Yeyote ambaye angekuwa amekaa kwenye usukani siku ile, ingemkatikia. Hata angekuwa padri."

Miezi miwili. Adelfina alihesabu nyuma, na akafika mwezi wa tisa, msituni Biharamulo, siku alipokuwa akiwahi kurudi kabla ya mvua. Gari lilitumbukia kwenye mfereji uliofichwa na majani. Tairi za mbele zilipita vizuri, lakini tairi la nyuma la kushoto lilipiga ukingo kwa mlio mkavu uliomfanya afumbe macho. Alishuka. Alizitazama tairi za mbele, akakuta hazina kitu, akaendelea na safari. Hakumwambia mtu. Kumwambia nani? Wangesema ni yeye.

Alikaa juu ya gurudumu kuukuu. Ndassa alimwacha. Alifunga mnyororo, akairudisha ekseli mahali pake kidogo kidogo akipima kwa kamba mpaka fundo likafika pande zote mbili. Aliweka bolti mpya, akakaza zile kubwa kwa spana ndefu akining'inia kwa uzito wake wote. Kisha akairudisha na ile fito ya mbele ilivyokuwa, kwa sababu fundi wa Ngara alikuwa ameizungusha ifuate kosa. Jua lilikuwa bado juu alipomaliza. Usukani ulilala sawa. Adelfina aliachia mikono kwa makusudi mbele ya vibanda, na gari likaenda moja kwa moja.

Njiani kurudi, aliniambia, alitafuta namna ya kulisema jambo lile lionekane dogo. Angeweza kusema bolti ilikatika, basi. Hakuna ambaye angeuliza kuhusu kutu. Ndassa yuko Nyakanazi, fundi wa bamba yuko Biharamulo. Alilifikiria mpaka Benako. Alipofika Nyamiaga hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa Laurian.

Joyness alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Hakumkaribisha kiti.

"Umekuja kumtafutia kosa lingine?"

"Nimekuja kusema kosa ni langu."

Laurian alitoka ndani. Adelfina akaeleza akiwa amesimama: bamba, kukaza, mfereji. Aliwaonyesha ile bolti. Laurian aliishika kwa muda mrefu, akaigeuza, akamrudishia.

"Lakini uliosha chini," Adelfina alisema. Hakuweza kujizuia. "Niambie tu kwa nini."

Joyness alicheka, si kicheko cha furaha. "Mwonyeshe," alimwambia mumewe.

Nyuma ya nyumba, ndani ya banda jipya la fito, alikuwa amelala nguruwe jike mkubwa. Mama yake Joyness, anayekaa Ntobeye, alikuwa amewapa. Laurian alimpandisha nyuma ya pikapu, akiwa amemfunga, akatanguliza ndoo mbele na turubai katikati. Chama chetu kina sheria: gari la asali halibebi mnyama, mkaa wala mafuta ya taa, kwa sababu asali hushika harufu. Angefukuzwa. Nguruwe alikuwa amechafua hadi mkojo ukachuruzika chini kwenye chesisi, ndipo Laurian akaosha mpaka giza likaingia.

"Ningesema niliosha kwa sababu gani?" aliuliza. "Nilichagua kunyamaza. Wewe ukachagua maana yake."

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Adelfina aliweka bolti mezani akasema yote, hata la mfereji, na akamwomba Laurian msamaha mbele yetu. La nguruwe hakuligusa. Tulikuwa tunakaribia kufunga Laurian aliposimama mwenyewe akalisema. Mzee Thobias alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Wengine walicheka, mwingine akasema asali ya Jumamosi ile ionjwe upya. Ilionjwa. Ilikuwa nzuri. Laurian alipewa onyo. Adelfina aliondolewa kwenye usukani kwa miezi miwili, na gari akapewa Laurian, Adelfina akae pembeni kupokea ndoo.

Ilikuwa safari ngumu, hiyo ya kukaa kushoto. Laurian alijibu alichoulizwa tu. Adelfina alijikuta akimtazama mikono, miguu, akitega sikio kila springi inapolia, kisha akijilazimisha kuangalia dirishani. Baada ya wiki mbili yeye mwenyewe alikumbusha kwamba bolti zinatakiwa kukazwa tena, wakapita Nyakanazi, Ndassa akazikaza.

Katikati ya Desemba walifika kwenye kijito kimoja msituni ambacho mvua ilikuwa imekijaza. Juu yake kulikuwa na magogo matatu tu. Laurian alizima gari, akashuka, akayatikisa kwa mguu. Akarudi dirishani kwa Adelfina.

"Simama ng'ambo uniongoze," alisema. "Siyaoni ya upande wako."

Adelfina alivuka kwa miguu, akasimama upande wa pili, akanyanyua mikono. Kushoto. Kushoto kidogo. Nyoosha. Gari lilikuja polepole, magogo yakilia, macho ya Laurian yakiwa kwenye vidole vyake na si kwingine. Tairi za nyuma zilipogusa udongo, alishusha mikono, akapanda, akafunga mlango.

"Asante, dada," Laurian alisema, akaingiza gia.